Reli za Pande Mbili

Mama mkwe wangu alianguka baharini asubuhi moja bandarini Tanga, mbele ya macho yangu, akiwa na kapu la peasi kichwani. Alikuwa mwanamke wa Magamba, aliyezaliwa na kukulia kwenye miteremko ambayo wageni huishuka kwa makalio. Tangu nimjue sikuwahi kumwona akijikwaa. Mvua inyeshe, ukungu ufunike njia, yeye alipita na mzigo wa kuni kichwani na jembe mkononi, akizungumza na wenzake bila kutazama chini. Ndiyo maana alipoanguka, kwa kitambo kidogo sikuamini kwamba ni yeye.

Mimi na mke wangu tulikuwa tumemsindikiza. Shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, alikuwa ameolewa Pemba na huko alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza. Mama alitaka kumwona mjukuu. Hakuwa amewahi kuiona bahari. Aliitazama, akamwambia binti yake kwa Kishambaa kwamba maji haya hayana adabu, hayajui kutulia.

Meli ndogo ya abiria ilikuwa imefungwa gatini. Maji yalikuwa yamejaa, kwa hiyo sitaha ilikuwa juu kuliko gati. Watu walipandia ubao mmoja mrefu, uliopigiliwa vijiti vya kukanyagia, na upande wa kushoto palikuwa na kamba ya kushikia. Juu kabisa alisimama baharia, akinyoosha mkono kuwavuta abiria. Wanaume waliushika mkono ule wakaruka ndani. Zamu ya mama ilipofika, mimi nilibaki chini na mizigo yake. Alipanda vizuri mpaka karibu na mwisho. Baharia akamnyooshea mkono, mama hakuushika. Mkono mmoja ulikuwa kwenye kapu, wa pili umebana kanga isipeperuke, na hata kama ungekuwa mtupu, nadhani asingempa mwanamume asiyemjua. Meli ikasogea kidogo, kama ng'ombe anayebadilisha mguu. Ubao ukateleza pembeni, na mama akaenda chini, kati ya gati na meli.

Wapagazi walipiga kelele. Wengine wakaikinga meli kwa miti isije ikambana. Baharia yule yule alijitosa majini, akampenyezea kamba kwapani, wakamvuta juu. Alikuwa amevunjika mtulinga, mfupa wa kati ya shingo na bega, na amemeza maji ya chumvi, lakini alikuwa hai. Mke wangu alimfunika kwa kanga yake, akamkumbatia pale pale juu ya mawe. Mama alipopata pumzi alisema neno moja tu: "Kwetu."

Tulimrudisha. Daktari alitaka asikae mbali na hospitali mpaka mfupa uunge, kwa hiyo alikaa nyumbani kwetu, Lushoto mjini. Hilo halikuwa jambo jepesi. Katika familia yetu, mwanamume na mama wa mkewe wanaheshimiana kwa umbali. Hawali pamoja, hawagusani, na wakiweza hawasemezani uso kwa uso. Mama alipohitaji kitu, hata kama nilikuwa nimesimama mlangoni, alimwambia binti yake, "Mwambie mwenzio afunge dirisha." Nami nilikuwa ninalifunga bila kusubiri kuambiwa. Mke wangu akawa mkalimani wa watu wawili wanaozungumza lugha moja.

Salamu zilikuja kutoka Pemba kwamba mtoto anakaa sasa, hajaweza kutambaa. Shemeji hakuweza kuja, maana mumewe alikuwa akiumwa. Mama alisikiliza salamu zile akageukia ukutani. "Mwambieni tutaonana Mungu akipenda," alisema. "Ule ubao sitaukanyaga tena."

Mimi nilikuwa seremala katika karakana ya ushirika pale Lushoto. Tulitengeneza madawati, milango na vitanda, na kwa kuwa nilikuwa nimejifunza kuchora katika shule ya ufundi, michoro yote ilipita mikononi mwangu. Baada ya salamu zile nilianza kuchora kitu kingine nikitoka kazini.

"Kitanda hicho?" mke wangu aliniuliza.

"Ngazi ya kupandia meli."

Alitazama dirishani, kwenye kilima kilichofunikwa na miti mpaka kileleni. "Huku?"

Msimamizi wa karakana naye aliuliza hivyo hivyo, lakini hakunikataza. Miaka ile neno kujitegemea lilikuwa midomoni mwa kila mtu, na yeye alipenda kulitumia. "Kama nchi inajitegemea," alisema, "na meli nayo isipandiwe kwa ubao wa kuazima. Kaangalie kwanza hao wa bandarini wanasemaje."

Nikashuka Tanga. Msimamizi wa gati alikuwa mzee mnene mwenye sauti ya taratibu, na alikumbuka ajali yetu. Aliniwekea kiti kwenye kivuli cha ghala akaniacha nitazame meli zikipakia. Niliona kwamba mama hakuwa peke yake. Kila mwanamke alipanda akiwa na kitu kichwani, mtoto mgongoni, na mara nyingi mwingine akimvuta kwa mkono. Kamba ya upande mmoja iliwafaa wenye mkono mtupu upande ule tu. Niliona pia kwamba katikati ya ubao hapakuwa na shida kubwa. Watu waliyumba mwanzoni na mwishoni, pale wanapoiacha nchi kavu na pale wanapoingia melini.

"Fundi," mzee wa gati aliniambia, "maji hapa hupanda na kushuka kuliko kimo chako. Asubuhi ngazi yako itaelekea juu, mchana italala, jioni huenda ikaelekea chini. Usiniletee ngazi ya ghorofa. Na iwe ya kubebeka, maana hawa mabaharia wangu hawapendi kazi."

Niliporudi nilianza kuijenga nyuma ya nyumba, kwa mbao za mkulo, mti wa misitu ya kwetu, zilizobaki karakana. Upande mmoja niliuegemeza kwenye ukingo wa shamba, na upande wa pili niliuweka juu ya mapipa yaliyolazwa, ili itikisike kama iko melini. Majirani walifika kutazama. Mmoja aliuliza gharika inakuja lini, ili naye apeleke mbuzi wake wawili wawili.

Ngazi ya kwanza haikufaa. Niliifanya pana, nikidhani upana ni usalama, na reli nikaziweka pande zote mbili. Mke wangu alipanda akiwa na mtoto wetu mgongoni na ndoo ya maji kichwani. Alipofika katikati mapipa yakabingirika kidogo, akatupa mkono kuitafuta reli, haikufikika. Ndoo ilimwagika, yeye akapiga magoti. Hakuumia, ila alishuka akanipa mtoto, akaenda kubadili nguo. Jioni ile niliivunja. Ya pili niliifanya nyembamba, kiasi kwamba ukiyumba upande wowote kiwiko chako kinakutana na reli kabla hujaanza kuogopa.

Mama mkwe alikuwa akikaa barazani, mkono umefungwa shingoni, akitazama kila kitu. Siku moja aliinuka, akaenda mpaka kwenye ngazi, akaishika reli kwa mkono wake mzima. Akamgeukia binti yake.

"Mwambie mwenzio mti huu mnene. Kidole gumba hakikutani na vingine. Mtu akianza kuanguka atashika nini?"

Nilichukua randa nikaupunguza. Alirudi akaushika tena, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akasema, "Sasa mwambie aweke vidato vilivyolala, kama ngazi ya msikiti. Hivi vijiti vinaumiza nyayo."

Hapo nilikataa. Nilimwomba mke wangu amweleze kwamba ngazi hii haina mlalo mmoja. Nikainua ncha moja ya ubao uliopigiliwa kidato, nikaishusha, aone jinsi kidato kinavyogeuka mtelezo maji yanapopungua. Mama alitazama, akarudi kwenye mkeka wake. Jioni mke wangu alikuja jikoni nilikokuwa nikichochea moto, akanong'ona, "Mama anasema amekuelewa. Ila hajapenda."

Nilichofanya ni kuvipunguza vile vijiti na kuvilainisha pembe, nikavisogeza karibu karibu, hatua fupi ya mtu mwenye mzigo. Mtoto wetu, aliyekuwa anaanza kutambaa, alinifundisha jambo lililobaki. Alipita chini ya reli wakati tunaongea, na mama yake alimdaka mguu akiwa nusu nje. Nikaongeza reli ya kati, ubao wa kuzuia miguu chini, na wavu wa kamba uliotandazwa chini ya ngazi nzima. Kwenye ncha ya kuingilia melini niliweka kulabu mbili na kipande cha kukunjuka kinachofunika ule mwanya. Kwenye ncha ya gatini nilihitaji gurudumu, ili ngazi isogee yenyewe meli inapopanda na kushuka. Madukani siku zile hata boliti zilikuwa adimu. Gurudumu nililipata Korogwe, kwenye toroli bovu la shamba la mkonge.

Tuliisafirisha vipande vipande kwa lori la kabichi, tukazishuka kona zote mpaka Mombo, nami nimekaa juu ya magunia nikishikilia reli zangu. Tanga tuliiunga, tukaifunga melini, na mzee wa gati akasema watu wasipande kwanza. Maji yalianza kujaa. Gurudumu likatambaa vizuri, kisha likaingia kwenye ufa kati ya mawe mawili, likakwama. Meli iliendelea kupanda. Ngazi ikapinda kama upinde, na boliti moja ikafyatuka ikapita juu ya vichwa vyetu.

Mzee wa gati aliifuata, akaniletea mkononi. "Bahari imekagua," alisema.

Niliona aibu, lakini zaidi niliogopa, nikiwaza watu ambao wangekuwa juu yake. Nililala Tanga kwa ndugu, na asubuhi tukatafuta bamba la chuma la kutandika chini ya gurudumu, lenye kingo zilizoinuliwa ili lisitoke njiani. Tukaitazama kutoka maji ya kupwa mpaka ya kujaa. Ilipanda, ikalala, ikashuka, na gurudumu likawa linakwenda na kurudi juu ya bamba likilia taratibu.

Mabaharia waliiita ngazi ya harusi kwa ajili ya urembo wa reli zake, na walinung'unika juu ya wavu, kwamba kuufunga ni usumbufu. Wakati mwingine waliuacha chini. Lakini wanawake wa Pemba waliokuja kuuza na kununua Tanga waliuzoea haraka. Siku moja, mzee wa gati alinisimulia, walikaa juu ya vikapu vyao wakakataa kupanda mpaka wavu ufungwe. Nahodha alipiga honi weee, wapi. Tangu siku hiyo haukuachwa tena.

Kisha zikaja salamu kwamba mjukuu anatembea. Mama, ambaye mtulinga wake ulikuwa umepona na alikuwa amesharudi Magamba shambani kwake, alishuka mjini kwa miguu akaketi barazani kwetu.

"Mwambie mwenzio nitakwenda," alimwambia mke wangu. "Lakini nitapanda wa mwisho. Nitawatazama wengine kwanza."

Na kweli, pale gatini alikaa juu ya furushi lake akawatazama abiria wote, mmoja baada ya mwingine, kama anayechagua mbegu. Walipokwisha alimpa mpagazi furushi. Akajifunga kanga kiunoni, akasema "Bismillahi," akaweka mkono wa kulia kwenye reli ya kulia, wa kushoto kwenye reli ya kushoto, akaanza kupanda. Mke wangu alikuwa amenishika mkono wa shati mpaka kitambaa kikakunjamana. Baharia aliyekuwa juu alijisogeza kando. Hapakuwa na haja ya kumnyooshea mtu mkono.

Katikati mama akasimama. Meli ilitikisika kidogo, naye akatikisika nayo, magoti yamelegea kama mtu aliyebeba kuni kwenye mteremko. Akageuka nyuma. Nikadhani anataka kushuka. Alinitazama mimi, usoni, kwa mara ya kwanza tangu nioe.

"Baba," aliniita, "hapa panateleza. Maji ya chumvi yamekaa kwenye mbao. Weka kitu."

"Nimesikia, mama," nilijibu, kabla sijakumbuka kwamba siruhusiwi kujibu.

Mke wangu alicheka na machozi yakamtoka papo hapo. Mama alikuwa ameshageuka. Alimaliza hatua zilizobaki, akavuka kile kipande cha kukunjuka, akaingia melini na kupotea kati ya watu. Alasiri ile ile niliomba lami kwa watengeneza barabara, nikaipaka katikati ya vijiti na kumwagia mchanga juu yake, na mzee wa gati akaipitia kwa miguu mitupu kuihakikisha.

Karakana yetu ilitengeneza ngazi nyingine za namna ile kwa muda, mpaka bandari ilipoanza kutumia za chuma. Mama alirudi kutoka Pemba na mfuko wa karafuu na malalamiko mengi juu ya joto na mbu. Alimwagiza mke wangu anisalimie, ingawa nilikuwa nimekaa pale pale, na heshima yetu ikarudi mahali pake. Alikwenda Pemba mara nyingi baada ya hapo. Safari moja alichukua mbegu za kabichi za Magamba, akabishana na wakwe zake wa kisiwani mpaka wakampa kipande cha shamba. Kabichi ziliota majani makubwa mazuri, lakini hazikufunga kichwa hata moja.