Selo Iliyopewa Pole

Selo yangu, kile kinanda kikubwa cha nyuzi ninachopiga katika okestra Kinshasa, niliifunga kwa vitenge vya mama ili vumbi la njia ya Kabambare lisiiguse. Pikipiki ilituchukua, mimi na selo, polepole, kama ndotoni, katikati ya majani marefu. Pale kijijini Wamaza, wanawake waliotoka shambani walituona, wakaweka vikapu chini, wakaanza kunipa pole. Walidhani nimebeba maiti.

Nilikasirika. Nilifungua vitenge, nikakaa kwenye gogo, nikapiga. Sauti nzito ikatambaa juu ya mihogo. Mama mmoja akasogea, akaweka kiganja kwenye ubao uliokuwa unatetemeka, akawageukia wenzake.

«Nyamazeni! Mutu wake hajakufa. Iko analia.»