Mimi Si Shangazi

Mgeni wetu alipoingia uani kwangu pale Msamala nilimpenda mara moja, na nasema hivi mapema ili mtu asije akadhani nilikuwa na kinyongo naye. Alikuwa mama mtu mzima, mwalimu mstaafu wa huko ng'ambo, kavaa kofia pana na viatu vya kutembelea shambani. Miaka yote ya sekondari ya binti yangu, yeye ndiye aliyemlipia ada kupitia kituo cha watoto cha kanisa. Kituo chenyewe si cha dhehebu letu, maana sisi ni Wakatoliki, lakini mtu mwenye shida ya ada haulizi sana mambo ya ubatizo. Sasa binti alikuwa amemaliza kidato cha nne, kafaulu, kapata nafasi chuo cha uuguzi, na mfadhili kaja kumwona kwa macho yake kabla ya kuamua kama ataendelea naye. Mratibu wa kituo alikuwa amenidokeza hilo la kuamua. Kwa hiyo jogoo niliyemchinja siku ile hakuchinjwa bure.

Mratibu alikuwa mwanamke wa rika langu, mpole, mwenye hofu nyingi na wakubwa wake. Alinitambulisha kwa Kiingereza: huyu ndiye mama yake. Mgeni akanikumbatia. Tukaketi kwenye viti vya plastiki nilivyoazima kwa jirani, tukala wali na kuku, na mboga za majani nilizounga kwa karanga. Mgeni alisifia mboga kuliko kuku, nikaona huyu ni mtu wa maana.

Ndipo akamuuliza binti kwa nini amechagua uuguzi. Binti hajawahi kuogopa Kiingereza. Akajibu taratibu, nami niliyefika kidato cha nne enzi zangu nikamfuata neno kwa neno. “Mama yangu alifariki wakati ananizaa, kijijini Lusewa. Hakuwepo mtu wa kumsaidia. Nataka niwe yule mtu ambaye hakuwepo.”

Nilijaa fahari. Nikamgeukia mgeni nikitegemea naye amejaa, nikakuta ameweka kijiko chini. Alimtazama binti, akanitazama mimi, kisha akamtazama mratibu kwa muda mrefu. Mama aliyekumbatiwa muda mfupi uliopita alikuwa hapo hapo mbele yake, anatafuna.

Hapa nieleze, maana najua hata wenzetu wa mjini siku hizi wameanza kusahau. Aliyemzaa binti ni dada yangu, tumbo moja. Tulipomzika, kabla watu hawajatawanyika, bibi yetu alinipakatisha kile kichanga akamwambia, “Mama yako huyu hapa, hajaenda popote.” Nilikuwa sijaolewa wala sijawahi kufunga nepi. Tangu saa ile nikawa mama, na hakuna aliyeniita kitu kingine. Baba wa mtoto alikwenda Nalasi msimu wa korosho, akapata mke huko, akanogewa. Mimi nilikuja na mtoto mjini nikaanza kuuza dagaa wa Nyasa, nikimbeba mgongoni hadi akawa ananuka dagaa kuliko meza yenyewe. Usiku wa degedege nilikuwa naye mimi. Watu wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nami sibishani na methali, ila nadhani aliyeitunga hakuwahi kumuuguza mtoto wa marehemu dada yake.

Kwa hiyo siku ya kumwandikisha kituoni waliponiuliza, “Mama yake yupo?” nilijibu, “Nipo.” Wakauliza baba, nikasema hayupo. Nilijibu kweli tupu, na wao wakaandika kweli tupu. Ila kule ng'ambo kweli hiyo ilifika ikiwa mama mmoja, mzima, aliyezaa.

Mratibu aliniinua akanivuta hadi jikoni. Alikuwa anatoka jasho.

“Dada yangu, umeniua. Huyu mama anaona tumemdanganya. Wakishaona udanganyifu hawa, mtoto anatolewa, tena sio huyu tu.”

“Nani kadanganya?”

“Hakuna aliyedanganya, najua. Lakini wao mama ni aliyezaa, basi. Twende ukaseme wewe ni aunti tu, ulielewa vibaya swali. Yaishe.”

“Niseme mbele ya mtoto kwamba mimi si mama yake?”

“Neno tu, dada. Chuo kile kitatoka wapi?”

Swali lake lilikuwa la haki. Dagaa hawasomeshi muuguzi. Lakini kwetu, kumwambia mtoto wa dada yako kwamba wewe si mama yake ni kumtoa nje ya nyumba na kufunga mlango. Wapo waliotamkiwa hivyo katika ugomvi, na hadi leo hawaingii kwenye nyumba zile hata kwenye msiba. Nilirudi uani nimekaza shingo, na mratibu akaniwahi. Kwa nia njema kabisa akamweleza mgeni kwamba yametokea makosa, kwamba mimi ni aunti.

Uso wa mgeni ukalegea kidogo. Alikuwa amejifunza Kiswahili cha kitabuni kabla ya safari, na akataka kunipa heshima yangu. Akanishika mkono, akatabasamu, akasema, “Oh! Shangazi!”

Jamani. Ningeweza kuvumilia mengi, lakini si shangazi. Shangazi ni upande wa baba! Shangazi wa binti tunamfahamu: alikuja msibani, akala, akaondoka na vitenge viwili vya marehemu, na tangu hapo hajauliza kama mtoto aliota meno. Leo niitwe kwa cheo chake, uani kwangu, na kuku wangu yuko mezani?

“Mimi si shangazi,” nikasema, kwa Kiswahili, na kwa sauti ambayo majirani walinitania nayo mwezi mzima. “Mratibu, tafsiri, na usipunguze chumvi. Mwambie aliyemzaa binti ni dada yangu, yuko kaburini Lusewa. Mwambie dada akifa, mama hafi, maana mdogo wake yupo. Mliniuliza mama yupo, nikasema nipo, na nilikuwepo. Kama mlitaka kujua nani alizaa, mngeuliza nani alizaa.”

Mratibu alitafsiri, nadhani chumvi akaipunguza. Mgeni alisikiliza ameinamisha kichwa. Hakuwa mtu mbaya, narudia. Alikuwa mwalimu, na walimu wamezoea kudanganywa. Akageuza kiti chake kumwelekea binti, akamuuliza moja kwa moja, polepole, ili hata mimi nielewe: “Niambie wewe. Huyu ni mama yako, au siye?”

Hapo ndipo niliogopa kweli, na hofu yangu ilikuwa ya pande mbili. Nilimwomba Mungu binti aseme hapana, apate chuo, maisha yaende. Na nilimwomba Mungu asiseme. Sijawahi kuomba maombi mawili yanayopigana namna ile, na Mungu alikuwa na haki ya kunishangaa.

Binti alisimama. Sisi hatuongei na mkubwa jambo zito tukiwa tumekaa. Alisema kwa Kiingereza chake safi, “Nina mama wawili. Mmoja amekufa, mmoja ni huyu. Kama ili niende chuo lazima nipunguze mmoja, basi sitaenda.”

Mratibu alifumba macho. Mgeni akaanza kuongea haraka, Kiingereza cha kwao cha kumeza maneno, nami nikapotea kabisa. Niliona tu mkono wake ukitafuta leso. Nikamvuta binti gauni.

“Anasemaje?”

“Anasema hakuna wa kupunguzwa,” binti akaniambia. “Anasema nitaenda chuo. Na anaomba radhi kwa kukuita shangazi, ameshaelezwa kumbe ni matusi.”

Si matusi, lakini sikumsahihisha. Nililia, tena kwa sauti, na mgeni akalia na mimi, na mratibu ambaye alikuwa na sababu ya kulia kuliko sisi sote akatumiminia soda.

Watu wanadhani nililia kwa ajili ya chuo. Chuo nilishukuru, nashukuru hadi leo ninapomwona na sare yake nyeupe. Ila miaka yote ile niliyomlea, aliyedai jina la mama mbele za watu ni mimi. Yeye sikuwahi kumuuliza kama ananihesabu, maana niliogopa jibu. Siku ile alinijibu mwenyewe, mbele ya mashahidi, huku jibu hilo likiweza kumgharimu kila kitu.