Magongo ya Dada Mkubwa

Fundi wa magongo alikuwa na karakana nyuma ya wodi ya mifupa. Wagonjwa walimwita Babu Kipimo, maana hakuna aliyetoka kwake bila kupimwa. Simama wima, vaa viatu vyako, legeza mabega. Vidole vitatu vipite kati ya gongo na kwapa. Hata daktari mkuu alipoteguka kifundo cha mguu alipimwa kama mtu yeyote.

Lakini kinyozi hajinyoi. Dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, aliteleza bafuni akavunjika mguu. Plasta ilipotolewa, Babu Kipimo akampelekea magongo yaliyopigwa msasa yakawa laini kama sabuni. Hakumpima. Atamwambiaje dada mkubwa, "Simama hapo"? Urefu wake aliujua tangu utotoni, akakata kwa kukumbuka tu.

Mwana wa dada huyo, sasa bibi mzee, alikuwa ameshasema: Ijumaa mama asipoweza kupita ukumbi wa wodi na kupanda ngazi tatu, nyumba yake itafungwa, ahamie kwa mwanawe mjini, ghorofa ya nne. Bibi aliipenda nyumba yake kuliko ghorofa zote za dunia.

Jumatatu alikwenda hatua nne. Jumanne, tatu. Jumatano mikono ikafa ganzi.

"Uzee huu," akasema.

Mama wa mazoezi ya viungo, aliyemsimamia pale wodini, akamtazama. "Bibi, mabega yamefika masikioni! Nani kakupimia haya?"

"Mazuri sana haya."

"Sijauliza uzuri."

"Katengeneza mdogo wangu. Tafadhali usimwambie."

Mdogo mwenyewe alikuwa mlangoni, kasikia yote.

"Dada, mbona ulinyamaza?"

"Umeyasugua mpaka yanang'aa. Ningeanzaje kulalamika?"

"Na mimi ningeanzaje kukupima?"

"Haya basi," akasema mama wa mazoezi, "heshimianeni hivyohivyo mpaka bibi ahamie wodini moja kwa moja!"

Wakacheka wote watatu. Kisha Babu Kipimo akapiga magoti na futi yake.

"Vaa viatu, dada. Simama wima."

"Unaniamuru?"

"Leo nakuamuru."

Magongo yalizidi inchi mbili nzima.

"Kumbe nimefupika! Zimekwenda wapi?"

"Ulituvisha, ukatulisha, ukatubeba mgongoni sote wanne. Ulidhani zitabaki?"

Bibi akamgonga kichwani kwa upole, kama zamani. Fundi akaenda kukata miguu ya magongo, akashusha mishikio, akarudisha vifuniko vya mpira vya chini. Jioni ile dada alikwenda hatua kumi na moja, mabega yametulia.

Ijumaa alipita ukumbi wote taratibu. Kwenye ngazi akatanguliza mguu mzima, akavuta ule mgonjwa, magongo yakafuata. Moja. Mbili. Ya tatu akapumua kwanza, kisha akapanda. Mwanawe akafuta macho kwa mkono wa shati.

"Mdogo wangu," bibi akasema, "Mungu akuweke. Umenirudisha kwangu."

"Mimi ndiye wa kushukuru, dada. Ulinifundisha kutembea."

"Na ulikuwa mzito wa kujifunza!" Akamgeukia mwanawe. "Wewe, unasubiri nini? Kalete gari."