Niliondoa Ukaguzi, Maji Yakaingia Shimoni

Nimekosa, ndugu zangu. Ni kiburi changu mwenyewe, siwezi kumsingizia shetani.

Ninashughulikia kompyuta katika ofisi ya ushirika wa wachimbaji hapa Kolwezi. Tuna mashine moja kuukuu inayopokea habari za maji kutoka mashimoni. Maji yakipanda, inapiga simu ya mlinzi wa shimo, naye anawatoa watu.

Mwenzangu Chantal aliongeza ukaguzi: kabla ya kuweka toleo jipya la programu, mashine ijipime kwanza kama ina nafasi ya kulibeba. Ikiwa haina, inakataa. Loo, ilinikatalia mara ngapi! Tena mbele ya mkubwa wetu!

Siku ile wanunuzi wa kobalti walikuwa njiani, na mkubwa alitaka waone ramani na picha mpya. Nikajaribu kuweka toleo lenye picha hizo, mashine ikakataa. Nikarudia, ikakataa. Chantal alikuwa Tenke kwenye kilio cha shangazi yake. Nilipompigia aliniambia nisithubutu, watu wako chini shimoni, nipunguze picha kwanza. Nikaitikia, nikakata simu, nikarudisha mfumo wa zamani usio na ukaguzi wake. Toleo likaingia bila ubishi. Nilijiona fundi!

Mchana mvua ikanyesha. Wageni wanasifu picha, kumbe mashine imelemewa na onyo la maji limekwama humo ndani. Simu ya mlinzi haikulia, maji yakaingia shimoni. Mimi nagawa soda!

Yaya yangu, kaka yangu mkubwa, alikuwa shimoni. Alipanda akitapika maji. Mwenzake, mzee tuliyemwita Tata Kazadi, hakutoka.

Chantal aliporudi hakunipigia kelele, aliniuliza tu kwa nini niliondoa ukaguzi.

"Juu ya nini ulitoa ile kontrole? Mi nilikuambia bantu beko chini."

Mkubwa alisema ni mvua, nami nikanyamaza. Chantal hasemi nami tena.

Yaya hajui. Kila Jumapili ananiomba nimsaidie kupeleka unga Kapata, kwa mjane wa Tata Kazadi. Mama yule ananiwekea kiti, ananiita mutoto muzuri. Juzi aliniwekea mkono kichwani, akamwomba Mungu anilipe kwa wema wangu. Nilitaka kusema. Badala yake nikasema amina.

Vijana wa kompyuta, nawasihi! Programu ikikataa, msitafute njia ya kuipita. Ulizeni kwanza nani yuko chini. Msije mkaombewa kama ninavyoombewa mimi.