Kikohozi cha Msusi

Mwenzangu wa saluni alikuwa msusi wa mkono mwepesi, ila alikohoa tangu utotoni. Kikohozi kikimshika, aligeuza uso ukutani huku amebana msuko kwa vidole viwili usifumuke, akamaliza, akaendelea kusuka. Wateja walilipa, wakaaga vizuri, wakahamia saluni ya jirani. Mimi niliyebaki naye niliitwa mbishi, na kweli ndivyo nilivyo.

Alipojifungua binti, kikohozi kikaja na damu. Majirani wakatoa hukumu papo hapo: kifua kikuu. Hospitali nao wakampa dawa za kifua kikuu, vidonge vikubwa kama vifungo vya koti. Akameza mpaka akamaliza, kikohozi kikarudi palepale. Kwa hofu ya kumwambukiza mtoto, akampeleka kwa dada yake mkubwa, eti mpaka apone. Akawa anakwenda kumtazama kwa mbali, kitambaa mdomoni.

Mtoto alikuwa na miaka minne ndipo daktari mmoja akamlaza mama yake kwenye ile mashine kubwa ya picha. Nilikuwepo wakati wa majibu.

"Mama, hili pafu la kushoto, huku chini, umezaliwa nalo hivi," akasema. "Lina vifuko vifuko. Humo wameingia vijidudu, ndugu wa kifua kikuu, lakini siyo chenyewe. Hawa wanatoka kwenye maji na udongo. Utameza dawa nyingine, muda mrefu, halafu tutakikata hicho kipande."

Mwenzangu hata hakuuliza habari za kisu. "Kwa hiyo naweza kukaa na mwanangu?"

"Hawa hawaambukizi watu wa nyumbani. Ungeweza siku zote."

Nilimchukia daktari yule kwa hayo maneno ya mwisho, ingawa hakuwa na kosa.

Jumamosi tukaenda kumchukua mtoto. Njia nzima alinieleza kitanda chake kitakaa wapi. Binti alipotuona akatoa kigoda, akakiweka uani, mbali na mlango, kama alivyofundishwa.

"Shikamoo, mama mdogo," akamwambia mwenzangu kwa adabu, kisha akakimbilia ndani. "Mama! Mgeni wako amekuja!"

Dada mtu akatoka anafuta mikono, binti amemng'ang'ania gauni.

"Vipi, kuna habari?"

Mwenzangu akakaa kwenye kigoda. "Hamna, dada. Tumepita kuwasalimia tu."

Nilimkanyaga mguu. Akauvuta.