Mzee Jonas Si Mteja

Loyce wa mtaa wa Dengfeng anauza kwa mdomo. Wateja wake wako Kariakoo, yeye yuko Guangzhou, na mzigo hawauoni mpaka kontena lifike, kwa hiyo huwaonyesha kwa sauti, kwenye simu. Jinzi ya viwanda vya Xintang ikipita mdomoni mwake haina hata uzi uliolegea. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nasi majirani humtania kwamba yeye hutembeza vyote viwili.

Mwaka huu baba yake, Mzee Jonas, alikuja kumtembelea. Ana miaka sabini na sita, na presha ya macho imemwachia vivuli tu. Ujana wake aliumalizia Dar es Salaam, fundi wa injini kwenye boti za doria zilizotoka China pamoja na wakufunzi wake. Pazhou kwenye maonyesho ya biashara hakutaka kupelekwa, wala madukani. Alitaka aikute tena boti ya aina ile kabla hata vivuli havijamtoka.

Loyce aliulizia mpaka akapata makumbusho moja kando ya mto, yenye meli za kivita, ndege za zamani na chombo kilichowahi kwenda angani na kurudi.

"Hicho cha angani tukipite," alisema mzee. "Hakijawahi kunichafua mikono."

Boti ilikuwapo. Lakini mlango wa chumba cha mashine ulizungushiwa kamba, na mlinzi akasema, "Bu xing." Haiwezekani.

Loyce amekataliwa mara nyingi sokoni, na dawa yake anaijua: geuka, ondoka polepole, mwenye duka atakuita. Akamshika baba yake mkono wakaondoka polepole. Walifika hadi kwenye ndege. Hakuna aliyeita. Mlinzi hana duka, na ilimchukua Loyce muda kulitambua hilo. Akarudi, akaeleza kwa Kichina chake cha sokoni kwamba huyu mzee alikuwa fundi wa boti hizi, na sasa haoni. Mlinzi alimtazama mzee machoni, kisha akafungua kamba.

Chini, Mzee Jonas aliweka viganja vyote viwili juu ya injini.

"Ikoje?"

"Inang'aa, baba. Utadhani imetoka kiwandani jana."

Vidole vya mzee vilikuwa vimekwisha kufika kwenye valvu, pale rangi ilipovimba juu ya kutu.

"Mwanangu," alisema taratibu, "mimi si mteja wako."

Loyce aliona aibu, aibu ya kweli. Akaanza upya. Rangi imepakwa juu ya kutu. Valvu mbili hazipo. Bomba la kushoto limepasuka na kufungwa waya. Kila alichotaja, mzee alikifuata kwa mkono na kuitikia kwa kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu ashuke uwanja wa ndege alikuwa anatabasamu.

Wakati wa kutoka Loyce aliona picha ukutani: vijana kumi na mmoja Waafrika wamejipanga juu ya boti kama hii. Maandishi yalisema Dar es Salaam. Akamwambia.

Mzee alisimama. "Nimo?"

Loyce alipitia uso mmoja mmoja, mara mbili. Mdomo wake ulikwisha kuwa tayari: upo baba, wa tatu kulia, mtanashati kuliko wote. Nani angejua? Akayameza maneno.

"Hapana, baba. Humo."

Loyce alijuta papo hapo.

"Basi ndiyo siku ile," alisema mzee. "Wenzangu walipigwa picha, mimi nilikuwa huku chini, injini imegoma. Haya, niambie waliomo. Usimpendezeshe yeyote."

"Wa kwanza kushoto ni mfupi. Ana mwanya. Kifungo cha juu hajafunga."

"Revocatus," alisema baba yake, akavua kofia. "Tulimzika mwaka juzi. Endelea."