Kuvu Aliyepewa Jina la Sultani

Mungu alimpa mzee Sultani duka la vitambaa, meno yote na sauti kubwa, lakini mtoto hakumpa. Hilo lilimuuma, asikudanganye mtu. Basi Lamya, binti wa ndugu yake anayesomea kuvu wa majini pale chuoni, alipomwambia ameokota kijiti kilichooza kwenye ufuko wa ziwa pale Kajaga, chenye kuvu ambaye hajaandikwa popote, na kwamba atampa jina la ami yake, mzee alilia mbele ya wateja. Kisha akachinja mbuzi. Mtaa mzima ukala pilau kwa heshima ya ukungu.

Lamya alimkatia kipande cha kijiti, akakitia kwenye chupa ya maji ili kikae dukani. Kila mteja alioneshwa.

"Uyu ni Sultani mudogo," mzee alisema, ingawa kwa macho palikuwa na kijiti tu.

Halafu huruma ikamwingia. Maji yametulia tuli, mtoto atapumuaje? Akanunua pampu ya hewa, ya wale samaki wa mapambo, akaichomeka, chupa ikatoa mapovu kutwa kucha. Wiki ilipopita akaibeba hadi kwenye maabara ya Lamya, kifua mbele.

"Angalia vile amenenepa!"

Lamya aliinamia darubini. Akabadilisha kioo, akaangalia tena.

"Ami, ulimufanya nini?"

"Nilimupa hewa tu."

Akamweleza. Katika maji yaliyotulia, vimbegu vya kuvu yule vilikuwa na mikono mifupi, ndiyo maana alimdhani mpya. Katika mapovu ya mzee vimeota mikono mirefu, sawasawa na kuvu mmoja anayejulikana tangu zamani.

"Si espèce, si aina mupya, ami. Ni uyo uyo, anabadilika sura kufuata maji. Jina yako haiwezi kumukaa. Mi nilikosa, nilikimbilia kumupa jina."

Mzee alijitupa kwenye kiti. Jina lake amelifuta mwenyewe, kwa pampu aliyoinunua kwa mapenzi! Alitaka kucheka, machozi yakatangulia.

"Uyo wa zamani, alipewa jina ya nani?"

"Ya muzungu mumoja. Alishakufa."

"Alikuwa na watoto?"

"Sijui, ami."

Mzee aliisukuma chupa upande wa Lamya. "Basi tumuachie. Pengine naye alikosa mutoto."

Kesho yake Cirimwami, muuza vitenge kutoka Uvira, aliona chupa haipo.

"Muzee, Sultani mudogo iko wapi?"

"Amerudi kwa baba yake," mzee alisema, akaendelea kupima kitambaa.